Kiwanda Kilichotafuta Mhandisi wa Umeme Huku Kikihitaji Mtu wa Rilei: Uchambuzi wa Kisa cha Ajira

Tangazo la kazi lilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Lilitaka mhandisi wa umeme mwenye shahada, uzoefu usiopungua miaka 10 baada ya kuhitimu, usajili wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) ngazi ya mhandisi mtaalamu, leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ujuzi wa ETAP, PLC, SCADA, sola, majenereta ya dizeli na viyoyozi, uwezo wa kusimamia mafundi, na leseni ya udereva. Rilei, yaani vifaa vinavyogundua hitilafu na kuiamuru swichi kubwa (breka) ikate umeme, hazikutajwa hata mara moja, na rilei ndizo zilizofanya nafasi hiyo iombwe.

Kiwanda na watu wa kisa hiki ni wa mfano. Umeme wake ni wa kweli, na kila aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda chenye mitambo yake ya kuzalisha umeme kilichounganishwa na gridi atayatambua mengi humu.

Tukiweke kiwanda hicho mkoani Morogoro. Mkoa huo una viwanda vya sukari zaidi ya kimoja, na mtambo wa umeme wa maji wa Kidatu wenye MW 204 umo humo humo. Makapi ya miwa yanachomwa kwenye boila, mvuke unazungusha jenereta mbili za kV 11, na umeme unaopatikana unaendesha kiwanda chote. Upande wa pili kuna laini ya kV 33 ya TANESCO inayoingia kupitia transfoma ya MVA 10. Msimu wa kusaga, jenereta na gridi hufanya kazi pamoja. Gridi ikipata hitilafu, breka ya kuunganisha inatakiwa ifunguke haraka, kiwanda kijitenge, kiendelee kusaga kwa umeme wake chenyewe. Michoro inasema hivyo.

Hali halisi ilikuwa nyingine. Shoti ikitokea kwenye laini ya kV 33, mti umeangukia waya au upepo umegonganisha faza, kiwanda chote kinaingia giza. Boila inazimika. Kuiwasha upya na kurudisha presha ya mvuke ni kazi ya saa nyingi, na muda wote huo juisi iliyomo kwenye matangi inapoteza sukari, na miwa iliyokwisha katwa inakaukia kwenye matrela uwanjani. Wakulima wa nje wanalipwa kwa kiwango cha sukari kilichomo kwenye miwa yao, kwa hiyo giza la kiwandani linawafikia hadi nyumbani.

Setingi za rilei ziliwekwa na mkandarasi mgeni siku mitambo ilipokabidhiwa, naye akaondoka. Faili la setingi halijulikani liko wapi. Neno la siri la rilei mbili analijua fundi mmoja aliyekwisha staafu. Baada ya kukatikiwa tena katikati ya msimu, bodi ikaamua: aajiriwe mhandisi. Agizo likashuka kwa mkuu wa umeme, likaenda kwa meneja rasilimali watu, naye akachukua tangazo la mwaka uliopita la mhandisi wa matengenezo, akaongeza mistari.

Simlaumu sana meneja huyu. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kuwa mhandisi wa umeme ni jina la watu wengi tofauti. Anayebuni nyaya za jengo la ghorofa, anayeandika programu za mashine za kufungasha na anayekokotoa muda wa rilei kukata shoti wote wametoka kitivo kimoja, pengine darasa moja. Miaka kumi baadaye hakuna kati yao anayeweza kukalia kiti cha mwenzake bila kujifunza upya. Maombi yalikuja kwa mamia, na karibu yote yalikuwa ya watu wazuri kwa kazi nyingine.

Tangazo lilichanganya pia mambo ya sheria. Usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ndio unaompa mtu haki ya kufanya kazi kama mhandisi Tanzania. Leseni ya EWURA ni ya kazi za ufungaji wa mifumo ya umeme. Ni vitu viwili tofauti, na mtu anayekaa ofisini kukokotoa setingi hana sababu ya kukataliwa eti hana cha pili. Kisha kuna lile sharti la miaka 10 "baada ya shahada". Linaonekana dogo, lakini ndilo lililokaribia kuharibu kila kitu. Watu wengi wanaozijua rilei kwa mikono yao hawakuanzia chuo kikuu. Walianza kama mafundi sanifu wenye cheti cha FTC, wakazunguka vituo vya kupoza umeme na sanduku la kupimia, wakajiendeleza baadaye. Ukianza kuhesabu siku walipovaa joho, unaifuta nusu ya thamani yao.

Mkuu wa umeme ndiye aliyeokoa jahazi. Aliomba aone maombi yaliyokataliwa, si yale yaliyopita. Humo akakuta wasifu wa mwanamama aliyefanya kazi miaka 11 katika kitengo cha upimaji cha shirika la umeme, mitano kati yake akiwa na shahada. Wengine waliandika "uzoefu mpana wa mifumo ya ulinzi". Yeye aliorodhesha aina za rilei alizozipima kwa kuingiza mkondo wa majaribio: za umbali, za tofauti za kulinda transfoma, za mkondo kuzidi. Wasifu wake ulikuwa na kurasa mbili tu.

Walioitwa kwenye usaili wakawa watatu. Wa kwanza alikuwa na shahada ya uzamili kutoka Ulaya na aliijua vizuri sana DIgSILENT PowerFactory, programu ya kompyuta ya kuigiza mifumo ya umeme. Wa pili alitoka kwa mkandarasi wa sola, mwepesi wa kuzungumza, aliyekwisha simamia miradi mikubwa. Wa tatu ndiye huyo wa kwenye maombi yaliyokataliwa.

Usaili wa kwanza ulikuwa wa maswali ya kawaida, na wa pili kwenye orodha aliwashinda wenzake kwa mbali. Ungeishia hapo, angeajiriwa. Mkuu wa umeme akasisitiza kuwe na mtihani wa nusu siku, na maswali yake matatu ndiyo ninayotaka kuyakalia, maana humo ndimo kazi yenyewe ilimo.

Swali la kwanza: shoti ya faza tatu kwenye basi la kV 11 (vyuma vinavyougawa umeme kwa laini zote za kiwanda), jenereta zote zikiwa zimezimwa, transfoma ya MVA 10 yenye impidansi (ukinzani wake kwa mkondo) ya asilimia 8. Mkondo utakuwa kiasi gani, na rilei ya breka ya kuingilia itakata baada ya muda gani? Setingi walipewa: ianze kuhesabu kwenye A 600, mkunjo wa kawaida wa IEC (mkondo ukiwa mkubwa, rilei inakata upesi), kizidisho cha muda 0.2.

Mkondo wa mzigo kamili upande wa kV 11 ni A 525. Gawanya kwa 0.08, unapata kama A 6,560, na rilei inakata baada ya sekunde 0.57. Mwenye uzamili alifika hapo haraka, akachora na mkunjo. Hesabu haikuwa na kosa. Ila ilichukulia kwamba gridi iliyo nyuma ya transfoma ina nguvu isiyo na mwisho, jambo ambalo laini ndefu ya kV 33 ya vijijini haijawahi kuwa nalo. Tuseme nguvu ya shoti, yaani kiasi ambacho gridi inaweza kuilisha shoti, pale inapoingilia ni MVA 120 siku ambayo mitambo michache ndiyo iko kazini. Mkondo unashuka hadi karibu A 3,210, nusu ya ule wa kwanza, na rilei ile ile inakata baada ya sekunde 0.82. Tofauti ni robo sekunde. Nafasi inayoachwa kati ya rilei moja na inayoifuata, ili iliyo karibu na shoti ikate kwanza, huwa sekunde 0.3 hadi 0.4, kwa hiyo robo sekunde inaimeza karibu yote.

Mama wa rilei hakukokotoa kwanza. Aliandika juu ya karatasi: "Nahitaji nguvu ya shoti ya juu na ya chini kutoka TANESCO, na tarehe ilipokokotolewa." Hiyo tarehe ina uzito. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yake yote tisa, kila mmoja MW 235, inafikisha MW 2,115. Tanzania na Kenya nazo zimeunganishwa kwa laini ya kV 400. Gridi ya leo si ile iliyokuwepo rilei za kiwanda hiki zilipowekwa setingi, na barua ya zamani yenye namba moja ya MVA inaweza kuwa inazungumzia nchi nyingine kabisa. Baada ya kuandika hayo akafanya hesabu mara mbili, kwa makadirio yake ya juu na ya chini, akasema wazi kuwa ni makadirio.

Swali la pili lilihusu kujitenga. Laini ya kV 33, huko juu upande wa gridi, ina breka inayojifunga yenyewe baada ya shoti, yaani inayorudisha umeme, kwa kuwa shoti nyingi za laini za juu ni za kupita. Mtu wa sola alieleza vizuri jinsi inveta inavyogundua gridi imekatika na kujizima. Ila inveta inapopata shoti hutoa mkondo uliozidi kidogo tu ule wake wa kawaida. Jenereta inayozungushwa na mvuke hutoa mara kadhaa ya mkondo wake, na ina chuma kizito kinachoendelea kuzunguka. Gridi ikikatika kwa nusu sekunde, jenereta hizo zinabaki zikilisha kiwanda pamoja na vijiji vyote vilivyo kwenye laini hiyo, zinaelemewa, masafa yanashuka chini ya Hz 50, na zinaachana na mwendo wa gridi. Breka ya juu ikijifunga wakati huo, pande mbili zisizoendana zinagonganishwa, na shafti ndiyo inayolipa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mhandisi wa ulinzi mahali kama hapa ni: breka ya juu inasubiri muda gani kabla ya kujifunga? Kila setingi ya kujitenga lazima imalize kazi yake ndani ya muda huo. Kati ya watatu, wawili waliliuliza, mwenye uzamili akiwa mmojawapo, na hili limhesabiwe. Mtu wa sola hakuliuliza, na sidhani ni kwa uzembe. Katika kazi yake halijawahi kumuumiza.

La tatu ndilo lililoamua. Walipewa karatasi mbili za usiku mmoja wa giza: kumbukumbu ya matukio kutoka kwenye rilei ya kV 33, na nyingine kutoka kwenye mfumo wa chumba cha boila, zote zimeandikwa hadi milisekunde. Swali: nini kilianza?

Ukizisoma zilivyo, hadithi ni rahisi. Rilei inasema breka ilifunguka saa 8 na dakika 11 usiku. Boila inasema pampu ya kulisha maji ilizimika saa 8 na dakika 14. Basi breka ilifunguka, umeme ukayumba, dakika mbili na kitu baadaye pampu ikafa. Wawili wa kwanza walijenga majibu yao juu ya msingi huo, na yalikuwa majibu ya kisomi: punguza muda wa rilei, ongeza kinga ya masafa, weka mpango wa kuondoa mzigo usio wa lazima.

Wa tatu alizigeuza karatasi mara mbili, akamtazama mkuu wa umeme.

"Samahani mzee, naomba kuuliza kabla sijaandika. Saa ya rilei na saa ya chumba cha boila huwekwa na nani?"

"Ya boila wanaiweka wale wa mitambo. Ya rilei, binti yangu, tangu ifungwe sijaona mtu ameigusa."

Akaomba rula. Katika karatasi zote mbili kulikuwa na tukio moja lililofanana, kengele ya volti kushuka. Akaifanya hiyo ndiyo sifuri, akasogeza nyakati za karatasi moja zikutane na za nyingine. Hadithi ikageuka. Volti ilishuka. Kama sekunde 0.1 baadaye pampu ya maji na feni ya moshi zikazimika. Breka ya kuunganisha ilifunguka kwenye sekunde 0.6. Boila ilikuwa imekwisha kufa kabla rilei haijafanya lolote.

Sababu haimo ndani ya rilei. Mota za pampu na feni hizo hushikiliwa na kontakta, swichi zinazoshikwa na sumaku ya koili, na koili ya kontakta hulegea volti ikishuka vya kutosha hata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Shoti inapotokea kwenye laini, volti ya kiwanda kizima inazama kabla breka yoyote haijapata nafasi ya kufunguka. Kontakta zinaachia, maji hayaingii boila, moshi hautoki, na kinga ya boila inafanya kazi yake kwa haki kabisa. Ungeweza kununua rilei mpya za bei mbaya, ukaziweka setingi kama kitabu kinavyosema, kiwanda kikajitenga vizuri na bado kikalala giza kwa kukosa mvuke. Alichoandika mwishoni ni mistari michache: saa zote zilinganishwe kutoka chanzo kimoja, umeme wa kuendeshea koili za kontakta za boila uhamishiwe kwenye UPS (chanzo cha betri kisichokatika), au kontakta zicheleweshwe kuachia, ndipo setingi za rilei zikokotolewe upya pamoja na TANESCO.

Pale mkutanoni mtu angedhani mambo yamekwisha. Ndipo ugomvi ulipoanza.

Meneja rasilimali watu alikuwa na hoja mbili, na zote zilikuwa na uzito. Kwanza, mama huyu alikuwa bado amesajiliwa kama mhandisi mhitimu, na tangazo lilisema mhandisi mtaalamu. Kumwajiri kimya kimya ni kuwadhulumu waliosoma tangazo wakaacha kuomba. Pili, mshahara alioutaka ulikuwa juu ya daraja la mhandisi na ulikaribia wa mkuu wa umeme mwenyewe.

La kwanza lilimalizwa kwa njia ninayoiona sahihi. Tangazo lilirekebishwa na kutolewa tena kwa muda mfupi, likieleza kazi yenyewe: mitambo ya kV 11, muunganiko wa kV 33, aina za rilei, na kwamba uzoefu wa ufundi sanifu utahesabiwa. Waliongezeka waombaji wachache, wakapewa mtihani ule ule. Wawili kati yao walikuwa wazuri kweli, jambo linaloonyesha tangazo la mwanzo lilikuwa limewafukuza watu gani. Kwa upande wa saini, kiwanda kiliingia mkataba na mhandisi mshauri aliyesajiliwa, wa kupitia na kuidhinisha hesabu za setingi hadi mama huyu atakapofikia ngazi ya mtaalamu. Mpango huu una faida nyingine: setingi za ulinzi hazifai kuonwa na jicho moja tu, hata jicho liwe kali namna gani.

La mshahara halikumalizwa vizuri. Ngazi za kiwanda zilijua njia moja tu ya kupanda, nayo ni kuwa bosi wa watu. Mtu anayejua jambo adimu na asiyetaka kusimamia mafundi 40 hakuwa na daraja. Wakatunga cheo cha "mtaalamu mwandamizi", wakamweka chini kidogo ya mkuu wa umeme, wakaziba pengo kwa posho ya msimu. Posho hukatwa wakati wowote, na yeye alilijua hilo. Alikuwa anaacha ajira ya kudumu ya umma, na tena kulikuwa na suala la hifadhi ya jamii, maana utumishi wa umma uko PSSSF na sekta binafsi iko NSSF. Aliomba maelezo hayo kwa maandishi. Mjumbe mmoja wa kamati aliona anajivuna. Kwa maoni yangu, mtu anayedai karatasi kabla ya kusaini mkataba ndiye utakayetaka adai karatasi kabla ya kufunga breka.

Mwenye uzamili hakuachwa hivi hivi. Mshauri alimchukua kwenye ofisi yake kwa kazi za kuigiza mifumo kwa kompyuta, na hapo ndipo alipostahili tangu mwanzo: mahali ambapo gridi inaelezwa na mtu aliyeipima, naye anaifanyia hesabu ambazo mkono hauwezi.

Kazi ya miezi ya mwanzo haikuwa na mbwembwe. Alianza masika, kiwanda kikiwa kimefungwa kwa matengenezo, akazifungua rilei moja moja, akapakua setingi kama alivyozikuta kabla ya kubadilisha chochote. Kwenye rilei moja alikuta uwiano wa CT (transfoma ndogo inayoipunguzia rilei mkondo ili iupime) ulioandikwa haufanani na wa CT iliyofungwa, kwa hiyo kila mkondo ulisomwa nusu ya ulivyo. Kosa la namna hii haligunduliki kwa miaka mingi, kwa sababu siku za kawaida rilei haina la kufanya.

Kilichobaki ni udhaifu ambao kamati iliuona na kuuacha. Ujuzi uliokuwa kwa fundi mstaafu umehamia kwa mtu mmoja mwingine. Faili za setingi sasa ziko mahali pawili na nakala ya karatasi iko kwenye chumba cha paneli, lakini karatasi haiwezi kusoma kumbukumbu za usiku wa giza. Likizo yake ya siku 28 inaweza kupangwa masika bila madhara. Notisi ya kuacha kazi kwa mfanyakazi wa mwezi nayo ni siku 28, na hiyo inaweza kuja Septemba, miwa imejaa uwanjani. Mkuu wa umeme ameomba fundi sanifu mmoja akae chini ya mama huyu ajifunze. Ombi liko idara ya fedha, limeandikwa kama barua ya kawaida ya kuongeza mtumishi. Ningekuwa yeye ningeliondoa, nikalirudisha likiwa na hesabu ya usiku mmoja tu: tani za miwa zilizosubiri, juisi iliyomwagwa, saa za kuwasha boila, na mshahara wa mwaka wa fundi sanifu pembeni yake.